Weupe Usio Mtupu: Kisa cha Ramani ya Meli Nje ya Kilindini

Kisa hiki kinahusu kipande cha bahari kilicho nje ya mlango wa Kilindini, upande wa kusini, kuanzia mkabala wa ufuo wa Shelly kule Likoni na kushuka kuelekea Tiwi. Kwenye ramani tuliyoichora kwa data ya nyendo za meli, kipande hicho kilitokea cheupe, kana kwamba hakuna chombo kinachopita humo. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetuomba tuitafutie mahali ambapo meli zinazosubiri gati zingeweza kukaa bila kuziba njia ya kuingilia bandarini, nasi watu watatu, wenye kompyuta mbili na data ya mwaka mzima, tukaionyesha pale palipokuwa peupe. Pendekezo lilipita katika kikao cha kwanza bila swali. Katika kikao cha pili lilikwama. Naona inafaa kueleza kwa urefu sababu za kukwama kwake, kwa kuwa makosa tuliyoyafanya hayakutokana na uzembe. Yalikuwa makosa ambayo data ya namna hii humvuta mtu ayafanye huku akijiona mwangalifu.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za shehena mwaka 2024, na makasha yalivuka milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Meli zinapofika zaidi ya gati zilizopo, lazima zingoje nje, na nje ya Mombasa si mahali pa kungoja kwa raha. Ukishavuka mwamba wa matumbawe, sakafu ya bahari huporomoka upesi hadi kina ambacho nanga haifiki, hivyo meli nyingine hutia nanga penye kina kidogo na nyingine huzima injini na kuelea. Kaskazini ya mlango kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Chini ya maji kuna nyaya za mawasiliano zinazotua hapa mjini, TEAMS na SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010, ambazo nanga moja ikiburuzwa vibaya inaweza kuzikata. Mtu akiyapanga hayo yote mezani, jicho humwenda kusini lenyewe.

Mamlaka juu ya maji hayo nayo imegawanyika. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu bahari ya nchi, ukanda wa kiuchumi na sakafu ya bahari kuwa ardhi ya umma iliyo chini ya serikali kuu, ilhali Jedwali la Nne linaziachia kaunti uvuvi, na hata bandari na feri, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Kipande chetu kilianzia Mombasa na kuishia Kwale. Kikao kimoja cha kupanga mraba mmoja baharini kilihitaji watu wa bandari, wa usalama wa meli, wa uvuvi, wa wanyamapori, wa utafiti na wa kaunti mbili. Nimeyataja haya kwa sababu meza yenye watu wengi namna hiyo hutamani kitu kimoja ambacho kila mtu anaweza kukitazama na kukubaliana nacho, na ramani yenye rangi ndiyo iliyokuwa kitu hicho.

Data tuliyoitumia ni ya AIS, herufi ambazo mabaharia wamezizoea kuliko jina refu la mfumo wenyewe. Ni kifaa cha redio kinachotangaza bila kuulizwa: mimi ni meli fulani, niko hapa, naelekea kule, kwa kasi hii. Kinapata mahali kilipo kutoka GPS na kutangaza kwenye masafa mawili ya VHF, megahezi 161.975 na 162.025. Sura ya 5 ya Mkataba wa SOLAS, ule wa usalama wa maisha baharini, inaulazimisha kwa meli zenye ujazo wa tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, kwa meli za mizigo za tani 500 na zaidi hata zisipotoka nje ya nchi, na kwa meli za abiria. Kwa meli zinazosafiri kimataifa, muda wa mwisho wa kuutekeleza ulikuwa Desemba 2004. Kilibuniwa ili meli zisigongane gizani, si ili wapangaji wachore ramani, na tofauti hiyo ndiyo mzizi wa karibu kila taabu nitakayoieleza.

Anayeifungua data hii mara ya kwanza hukutana na vituko. Kuna meli iliyoko latitudo 91 na longitudo 181, mahali pasipo duniani, kwa sababu hizo ndizo namba ambazo kifaa hutuma kisipojua kilipo. Kuna chombo ambacho namba yake ya utambulisho, ambayo kwa meli ya Kenya ingeanza na 634, imeandikwa 123456789, kwa kuwa fundi aliyekifunga hakujishughulisha kuibadilisha. Nafasi ya kuandika bandari inayoendewa hujazwa kwa mkono, kwa hiyo meli zinazokuja kwetu zinajitangaza KEMBA, KE MBA, MOMBASA, MOMBASSA, na nyingine bado zinataja bandari zilikotoka. Tulitumia wiki mbili kusafisha uchafu wa namna hiyo na, kusema kweli, tulijivunia usafi wetu. Uchafu unaoonekana si wa kuogopwa sana.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuhesabu. Tuliigawa bahari katika miraba ya kilomita moja kwa moja, tukahesabu ujumbe uliotumwa kutoka kila mraba, tukaipaka rangi kali zaidi miraba yenye hesabu kubwa. Ni njia rahisi na watu wengi huifuata. Lakini AIS haitumi ujumbe kwa mpigo mmoja. Meli iliyotia nanga hutuma mahali ilipo kila baada ya dakika 3. Inayotembea kwa kasi isiyozidi maili 14 za baharini kwa saa hutuma kila sekunde 10. Yenye kasi zaidi hutuma upesi zaidi. Sasa chukua meli moja iliyotia nanga siku nne ikingoja gati. Kwa siku hutuma ujumbe mara 480, na kwa siku nne mara 1,920, zote kutoka mraba mmoja. Chukua nyingine inayoukata mraba huohuo kwa maili 10 kwa saa: inauvuka kwa dakika tatu na sekunde chache, na kuacha ujumbe 19 hivi. Meli moja iliyolala, kwa hesabu yetu, ilikuwa sawa na safari 100 zilizopita.

Lilikuwapo na jambo baya zaidi. Hali ya meli, yaani kama imetia nanga au inatembea, hubadilishwa kwa mkono na afisa wa zamu. Meli inayoelea injini ikiwa imezimwa mara nyingi huendelea kujitangaza kuwa inatembea, kwa hiyo hutuma kila sekunde 10 hata kama haiendi popote. Siku nne za namna hiyo ni ujumbe 34,560 katika miraba michache. Wingi wa ujumbe ulikuwa unatueleza tabia za afisa wa zamu kuliko wingi wa meli.

Madhara yake kwenye ramani hayakuwa yale tuliyoyatarajia. Tulidhani kosa la namna hiyo lingekuza tu wekundu wa mahali meli zinapongoja. Kumbe, kwa kuwa rangi zetu zilipangwa kwa ulinganifu kutoka sifuri hadi mraba wenye hesabu kubwa kuliko yote, kila kilichokuwa kidogo kikilinganishwa na meli zilizolala kilififia hadi kikawa cheupe. Tishari, majahazi ya mota yaendayo Shimoni na Pemba, meli ndogo za kwenda Tanga na Dar es Salaam zinazopenda kuambaa pwani: vyombo hivyo, vile vilivyokuwa na AIS, vilikuwamo katika data yetu tangu mwanzo, na sisi wenyewe tukavifuta kwa kuchagua rangi. Sehemu ya weupe wa kusini ilikuwa kazi ya mikono yetu.

Tulipolitambua hilo, ambalo tulilitambua wenyewe kabla ya kikao cha pili na kwa hiyo tuliingia ukumbini tukiwa na kiburi kidogo, tuliichora ramani upya. Safari hii tuliunganisha ujumbe wa kila meli kuwa njia, tukapima saa ambazo meli zilikaa katika kila mraba, na tukatenganisha zinazopita na zinazongoja katika ramani mbili mbalimbali. Kuunganisha nako kuna hila zake, kwa sababu ujumbe ukikatika kwa saa tatu programu huvuta mstari ulionyooka kutoka mwisho wa kwanza hadi mwanzo wa pili, na ndivyo tulivyopata meli ya mafuta iliyokuwa inapita juu ya nyumba za Likoni. Tulikata njia zote zenye pengo refu. Rangi tukazipanga kwa ngazi za mara kumi badala ya ulinganifu. Kusini kukapata mistari michache membamba, lakini sehemu kubwa ilibaki nyeupe, nasi tukaridhika kwamba weupe uliobaki sasa ulikuwa wa haki.

Ramani ya meli zinazongoja ilituonyesha kitu ambacho bado napenda kukitazama. Mkondo wa bahari mbele ya Mombasa huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, hupata nguvu zaidi. Meli ikizima injini husukumwa polepole kuelekea kaskazini, sambamba na pwani. Ikifika mahali ambapo nahodha anaona imesogea kupita kiasi, huwasha injini na kurudi kusini kwa haraka, kisha huzima tena. Kwenye ramani mwendo huo unaandika meno ya msumeno, jino baada ya jino. Kwa mtazamo wa meli, kipande cha kusini kilikuwa kizuri mno: anzia mkabala wa Tiwi, elea taratibu, fika karibu na mlango wakati rubani wa bandari anakuita. Hoja hiyo ilikuwa nguzo ya pendekezo letu, na kama hoja ya meli haikuwa na kasoro.

Katika kikao cha pili walialikwa wawakilishi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU tu. Mzee mmoja kutoka diko, yaani kituo cha wavuvi, la upande wa Likoni aliitazama ramani muda mrefu baada ya sisi kumaliza kueleza. Nilikwenda karibu naye nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaweka kidole juu ya mstatili wetu.

"Hapa peupe, mwanangu, ni nani aliyekwambieni hapana watu?"

Nilimjibu kwamba tulikuwa na data ya mwaka mzima na kwamba, zaidi ya data, tulikwenda na boti kujionea kwa macho.

"Mlikwenda mwezi gani?"

"Julai, mzee."

Wavuvi wengine wawili walicheka, si kwa dharau, bali kama mtu anavyocheka akisikia mgeni amekwenda kununua maembe msimu usio wa maembe. Julai ni katikati ya kusi. Bahari ya nje ya mwamba huwa imechafuka, na mwenye ngalawa au dau hubaki ndani ya mwamba na kwenye hori la Mtongwe, akiweka madema na kuvuta mshipi penye utulivu. Wanaotoka nje hutoka wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na katika majira ya matlai yanayotenganisha pepo hizo mbili.

"Na mlikwenda saa ngapi?" akauliza tena.

Tulikwenda saa tatu asubuhi. Jarife, wavu wa kutega baharini, huwekwa jioni na kutolewa alfajiri.

Hapo ndipo lilipodhihirika kosa la pili, ambalo hakuna usafishaji wa data ungelionyesha. Ramani ya AIS ni ramani ya vyombo vilivyolazimishwa kubeba kifaa, pamoja na vichache vilivyochagua kukibeba. Ngalawa haina ujazo wa tani 300. Haina hata umeme wa kuwasha kifaa hicho usiku kucha. Kuna vifaa vya daraja dogo, B, vyenye nguvu ya chini na vinavyotuma kwa nafasi pana zaidi, ambavyo boti za starehe na baadhi ya boti za uvuvi wa michezo huvifunga, na matokeo yake ni kwamba mtalii anayevua jodari kwa burudani anaonekana kwenye ramani ya taifa na mvuvi anayevua nguru kwa riziki haonekani. Sehemu kubwa ya samaki wa baharini wanaotua katika pwani ya Kenya huletwa na wavuvi wadogo. Tulikuwa tumeyapanga maji yao kwa kutumia data ambayo wao hawamo, kisha tukausoma ukimya wao kama nafasi iliyo wazi.

Pengo hili, niseme kando, si la wavuvi wadogo peke yao. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature, uliolinganisha picha za setilaiti na data ya AIS, ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya meli za uvuvi wa viwanda duniani hazionekani katika ufuatiliaji wa wazi. Tulijaribu njia hiyohiyo kwetu. Rada ya setilaiti inaona chuma vizuri. Dau la mbao la mita saba hailitambui, au hulichanganya na povu la wimbi. Taa zinazoonekana kutoka angani usiku ni zile kali za vyombo vikubwa; taa ya jarife ni kibatari au tochi iliyofungwa kwenye boya la chupa ya plastiki. Iliyobaki ilikuwa njia moja, nayo ni kwenda kuuliza.

Kabla sijaeleza tulivyouliza, kuna suala la mwaka tuliouchagua, ambalo lilitokea katika kikao hichohicho kwa mdomo wa mtu wa usalama wa meli. Data ya mwaka mmoja hubeba siasa za mwaka huo. Zamani za uharamia wa Kisomali, hasa kati ya 2008 na 2012, meli nyingi zilikaa mbali sana na pwani yetu na baadhi yake zilizima AIS kwa makusudi. Eneo lililotangazwa kuwa la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi halikuondolewa rasmi hadi Januari 2023. Novemba mwaka huohuo, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalianza, na meli zilizozoea Mfereji wa Suez zikageukia Rasi ya Tumaini Jema, zikibadilisha wingi na mwelekeo wa nyendo katika upande wetu wote wa bahari. Mwaka wetu ulikuwa mmoja wa hiyo isiyo ya kawaida, na bado najiuliza kama ipo ya kawaida. Tuliongeza miaka mingine mitatu, na jambo hilo lilimalizika bila ugomvi.

Kuuliza kulichukua muda mrefu kuliko hesabu zote. Tulichapisha ramani ya bahari kwa ukubwa wa meza, tukaifunika plastiki angavu, tukaenda nayo dikoni nyakati za maji mafu, ambapo wavuvi wengi hawana haraka ya kutoka. Jaribio la kwanza lilishindikana. Ramani ya bahari inamtaka mtu ajifikirie yuko juu akitazama chini, ilhali mvuvi anajua mahali pake akiwa amekaa chomboni akitazama nchi kavu: mnara huu ukikaa juu ya jengo lile, na taa za Ras Serani zikifunguka upande wa pili, basi uko juu ya mwamba wa changu. Kwa hiyo tulichora pembeni mwa ramani alama za nchi kavu kama zinavyoonekana kutoka baharini, na ghafla vidole vikaanza kutembea. Kila mvuvi tulimpa punje 10 za kunde aziweke pale anapovua, nyingi zaidi pale anapopategemea zaidi, mara moja kwa kaskazi na mara moja kwa kusi. Tulipiga picha kila duru, tukafuta, tukaanza upya na mwingine.

Hawakukubali wote, na waliokataa walikuwa na sababu nzuri. Mahali pa samaki ni siri ya nyumba. Huwezi kumwambia mtu afichue mwamba alioonyeshwa na babake ili upakwe rangi kwenye ukuta wa ofisi. Wengine walihofu kwamba ramani ingewafikia wenye mashua za ringineti, nyavu kubwa za kuzungushia samaki. Mmoja aliuliza waziwazi kama ilikuwa njia ya kuwatoza kodi. Tulikubaliana kwamba punje zingejumlishwa katika miraba ya kilomita mbili kwa mbili, kwamba mraba wenye punje za mtu mmoja tu hautaonyeshwa peke yake, kwamba majina hayataandikwa, na kwamba ramani ya karatasi yenyewe itabaki kwa kikundi chao, si kwetu. Wachache walijitolea kubeba vifaa vidogo vya GPS kwa wiki kadhaa za kaskazi, na njia zao zilithibitisha punje kwa kiasi cha kutosha kuturidhisha. Zilikengeuka kwa namna moja ya kuvutia: vyombo vilikuwa vikienda mbali zaidi kuelekea nje kuliko wenyewe walivyosema.

Punje za kaskazi zilijaa ndani ya mstatili wetu. Si wote, lakini nusu yake ya karibu na mwamba ilikuwa na punje nyingi kuliko mahali popote kwenye ramani. Punje za kusi zilikuwa karibu zote ndani ya mwamba, na hapo mstatili ulikuwa mtupu kweli. Kwa maneno mengine, boti yetu ya Julai haikusema uongo, na data ya meli haikusema uongo. Uongo uliingia pale tuliposema "mwaka mzima".

Jambo la mwisho la kikao kile lilihusu sheria, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mstari ukichorwa rasmi baharini hauonyeshi matumizi tu, unabadilisha haki. Kanuni ya 10 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 inasema kwamba chombo kinachovua hakitazuia kupita kwa chombo kinachofuata njia iliyotengwa, na Kanuni ya 9 inasema vivyo hivyo kwa mlango mwembamba. Eneo la kungojea si njia ya namna hiyo, lakini likishatangazwa, mvuvi ambaye jarife lake limekatwa humo atakuwa yeye ndiye wa kujieleza alikuwa anafanya nini pale. Wavuvi walilifahamu hilo kabla yetu. Waliikumbuka hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2018 iliyoamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari ya huko, na walichokitaka kwetu hakikuwa huruma. Walitaka ushahidi kwamba walikuwapo pale kabla ya mstari.

Pendekezo lililofuata lilikuwa na umbo baya kuliko mstatili wa kwanza, na bora zaidi. Nusu ya ndani iliondolewa kabisa. Nusu ya nje ilibaki, ikasukumwa mbali na mwamba na kurefushwa kuelekea kusini-mashariki ili meli ziwe na nafasi ya kuelea bila kuikaribia njia ya kuingilia, na upande wake wa magharibi ukapewa mipaka miwili: mmoja wa kusi, ulio karibu na nchi kavu, na mwingine wa kaskazi, ulio mbali zaidi. Marubani hawakuufurahia mpaka unaohama. Nahodha wa kigeni, walisema, husoma ramani moja, na hatauliza pepo gani inavuma. Walikuwa na haki. Jawabu lililopatikana ni kwamba mpaka wa mbali uwe ndio wa mwaka mzima kwenye ramani, na ruhusa ya kusogea karibu wakati wa kusi itolewe kwa redio, meli kwa meli.

Lilitajwa pia, ingawa halikuwa katika kazi yetu, kwamba sehemu ya tatizo la mahali ni tatizo la wakati. Njia za AIS zilionyesha wazi meli zikija kwa kasi kamili kutoka mamia ya maili, kisha zikifika na kulala kwa siku kadhaa. Meli ambayo ingeambiwa mapema kwamba gati itakuwa wazi Alhamisi ingepunguza kasi, ingeokoa mafuta, na isingehitaji mahali pa kulala. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, limekuwa likiuhimiza utaratibu huo, na mwaka 2020 ulitolewa mwongozo kuuhusu. Lakini mikataba ya kukodi meli huwa na vipengele vyake vya malipo ya ucheleweshaji, na mwenye meli anayelipwa akingoja hana haraka ya kuacha kungoja. Mjadala huo uliachwa kwa kikao kingine.

Kwa sasa pendekezo linasubiri maoni ya kaunti ya Kwale na duru ya pili ya punje za kunde, ambayo wavuvi wameomba ifanyike kaskazi itakapokuwa imekolea na si mwanzoni mwake. Kwenye faili zetu tumefanya badiliko moja ambalo halikuhitaji kikao. Ramani zetu hazina tena rangi nyeupe. Mraba uliopimwa na kukutwa bila chombo hupakwa kijivu. Mraba ambao hakuna kifaa chetu kingeweza kuwaona waliomo huchorwa mistari ya mshazari, na katika ufunguo wa ramani kando yake pameandikwa: haujapimwa. Mara ya kwanza tulipoichapisha ramani hiyo, mistari ya mshazari ilifunika karibu pwani yote, kutoka Tiwi hadi Shanzu.